Uzi Uliokatwa kwa Meno

Siku ya ukaguzi, sabuni ilijitokeza chooni kiwandani kama mgeni, na kila mtu alijua kwamba ingeondoka na wageni. Sakafu ilikuwa imepigwa deki mara mbili. Mashine ya kushonea vifungo, iliyokufa tangu mwaka uliopita, ilikuwa imefutwa vumbi ikafunikwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa mtu aliyezoea kuitumia kama meza alikuwa amesahau chupa ya chai.

Mkunjaji alisimama mahali pake pa kila siku, mwisho wa mstari, akikunja mashati na kuyatia kwenye maboksi. Mikono ilikwenda yenyewe. Roho ndiyo ilikuwa juu juu, kwa sababu mashati yale aliyajua kuliko alivyopaswa kuyajua.

Tangu mashine ilipokufa, msimamizi alikuwa akimpa kila jioni mfuko mkubwa wa mashati yasiyo na vifungo. Aliubeba mpaka nyumbani, na huko mama mkwe wake na majirani wawili wakashona kwa mkono. Asubuhi mfuko ulirudi. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameandika kwamba shati halitoki nje ya kiwanda mpaka liwe ndani ya boksi, na msimamizi alikuwa ameandika kwamba ni sawa kabisa. Kila aliyefanya kazi pale alilijua jambo hilo, hata mlinzi wa getini, ambaye alikuwa akimsaidia kuuinua mfuko kichwani.

"Likijulikana, oda imekufa," msimamizi alimwambia asubuhi hiyo. "Na mama yako hatashona tena hata kifungo kimoja."

Hilo ndilo lililomkaa moyoni. Baba mkwe alipofariki, yule mama alikuwa amegeuza kiti chake kikatazama ukuta, na kwa miezi hakukuwa na neno lililomgeuza. Vifungo ndivyo vilivyomgeuza. Siku alipokabidhiwa mfuko wa kwanza alihamisha kiti mlangoni kufuata mwanga, na kufikia jioni alikuwa ameshawasema majirani wote wawili kwa uvivu. Mtaani walimwita Bibi Mkasi, kwa ajili ya meno yake yaliyobaki imara uzeeni, na kwa ajili ya ulimi wake pia.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea. Aliipita sabuni bila kuisifu. Alipofika mwisho wa mstari alichukua shati moja kutoka kwenye boksi, akaligeuza ndani nje, akavuta kifungo, kisha akaisogeza ncha ya uzi karibu na jicho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka msimamizi akaanza kukohoa.

"Mama yangu alikuwa mshonaji," alisema mkaguzi. "Uzi huu umekatwa kwa meno. Mashine yenu ina meno?"

Akaenda mwenyewe kwenye kitambaa cheupe, akaiondoa chupa ya chai, akafunua. Sindano ya mashine ilikuwa imeota kutu. Msimamizi alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akafanya lile ambalo watu wa aina yake hulifanya maji yakiwafika shingoni. Alinyoosha kidole kwa mkunjaji, akasema huyu mama amekuwa akitorosha mashati kwa siri, na kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anasikia.

Mkunjaji akinyamaza, ni mwizi. Akisema kweli, unga wa nyumba nzima umemwagika, na kile kiti kitarudi kutazama ukuta. Hasira ndiyo iliyomwokoa, maana ilimpanda kabla woga haujamaliza kazi yake. Akapiga moyo konde.

"Mashati nabeba mimi," alisema. "Anayenijazia mfuko ni yeye. Lakini dada, kabla hujaandika, njoo kwanza umwone anayeshona."

Walikwenda kwa miguu mchana ule ule, watatu, msimamizi nyuma akijifuta jasho. Bibi Mkasi alikuwa kizingitini, shati mapajani, na mto wa zamani pembeni yake. Mto ulikuwa umechomekwa sindano arobaini, kila moja na uzi wake. Macho yake hayakuweza tena kutunga uzi, hivyo kila alfajiri, kabla ya kwenda kiwandani, mkunjaji alimtungia sindano za siku nzima. Zikiisha, kazi ilisimama mpaka apite mtu mwenye macho.

Alipomwona msimamizi akiwa na mgeni mwenye makaratasi, alifurahi. Alidhani hatimaye wameyapata malalamiko yake. Alikuwa amewatumia salamu mara tatu kuhusu uzi. Basi hakumpa mkaguzi hata nafasi ya kumaliza kumwamkia. Alimwambia kwamba uzi wa safari hii ni mbovu, unakatika ukiutazama tu, na kwamba huko linakokwenda shati lile mtu atakohoa mara moja kifungo kiruke. Ili athibitishe, alizungusha uzi shingoni mwa kifungo mara tatu, akafunga, akainama, akaukata kwa meno.

Msimamizi alifumba macho.

Mkaguzi alivua viatu, akaketi mkekani. Aliuliza mkasi uko wapi, akaambiwa upo mmoja kwa wanawake watatu, na leo ni zamu ya jirani. Akauliza habari za miwani, na Bibi Mkasi akacheka. Akauliza sindano zile katunga nani, na alipojibiwa alizihesabu zote kwa kidole. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza yule mama: yeye mwenyewe anataka nini?

"Nataka uzi mzuri," alisema Bibi Mkasi. "Na nataka huyu bwana aache kunificha kama mali ya magendo. Mimi nashona, siibi."

Mkaguzi aliandika maneno hayo kama yalivyo. Akawaambia wazi kwamba haahidi kitu. Akiandika tu kwamba masharti yamevunjwa, mnunuzi atahamisha kazi, na huko itakakokwenda kutakuwa na mama mwingine kizingitini, naye atafichwa vilevile. Kwa hiyo ataandika yote, pamoja na sindano arobaini, na ataomba mnunuzi abaki, kiwanda kirekebishe.

Zikapita wiki saba bila mfuko. Bibi Mkasi hakumlaumu mtu, na kimya chake kiliuma kuliko ulimi wake. Wiki ya tatu kiti kilirudi ndani. Ya tano kikageuka. Mkunjaji aliendelea kutunga sindano zile zile kila alfajiri, kwa ukaidi tu, akichomoa nyuzi za jana na kuingiza nyingine, huku akijiambia kwamba mdomo wake ndio uliomfukarisha mama wa watu. Kazini msimamizi alimpita kama anapita nguzo.

Jibu lilipokuja, lilikuja na mkaguzi mwenyewe. Mnunuzi amekubali kubaki. Washonaji wa nyumbani wataandikishwa kiwandani, walipwe kama wa ndani, wapewe uzi, mkasi kila mmoja, na miwani baada ya kupimwa. Jirani mmoja alikataa kuandikishwa, akisema hapendi jina lake litembee. Msimamizi alibaki na cheo chake, na mashine ikabaki na kutu yake. Lakini Bibi Mkasi alipewa kitambulisho chenye picha yake, amekunja uso.

"Hapo kwenye kazi pameandikwaje?" aliuliza.

Katika makaratasi yake yote tangu ujana, mahali hapo paliandikwa: hana.

"Mshonaji wa vifungo," alisoma mkunjaji.

"Soma tena."

Akasoma tena, na mama mkwe akamwambia aache kulia juu ya mashati ya watu.

Alfajiri iliyofuata baada ya miwani kufika, mkunjaji aliamka kama kawaida, akaenda kuchukua mto. Hakuukuta mahali pake. Bibi Mkasi alikuwa tayari mlangoni, kiti kimetazama nje, miwani puani, mkasi mpya umening'inia shingoni kwa utepe. Sindano arobaini zilikuwa zimeshatungwa.

"Rudi ukalale, mwanangu," alisema, akainama, akaukata uzi kwa meno.