Kiti cha Mkubwa

Mama Itifaki, mpanga viti wa wizara ya mambo ya nje, alikuwa anafuta vikombe vya mkutano. Akafuta na kile cha kiti cha dirishani, kisichokaliwa na mtu. Wakija wageni kutoka nchi ndogo, kiti hicho lazima kiwepo. Ni cha lile taifa kubwa ambalo wizarani wanaliita Mkubwa tu. Halialikwi, na halijawahi kukosa. Chai yake hupungua yenyewe, na mkutano ukiisha mto wa kiti huwa na joto. Wahudumu wanajua anapenda sukari nyingi. Basi.

Siku hiyo mmoja wa wageni alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Alitangulia kufika.

"Shemeji, umenenepa!"

"Nani, mimi? Wizara imekufundisha uongo mpaka kwa ndugu."

"Mdogo wangu hajambo?"

"Hajambo. Kasema nisirudi bila ghuba. Nyumba ndio kwanza tumeezeka, tunataka kupaka rangi."

Kwa mkataba wa siku hiyo, ghuba wanakoishi ilitakiwa iwe bandari ya urafiki. Meli za kivita za Mkubwa hazikutajwa popote, ila kila mtu alizijua.

"Lakini nyie siyo kama yule," shemeji akasema. "Juzijuzi tu mlikuwa kama sisi. Mtatutetea."

Mama Itifaki akaweka kitambaa chini. Kisha akakibeba kiti cha dirishani, akakifungia stoo, ufunguo akautia kwenye sidiria.

Mkutano ukaanza vizuri. "Ndugu zetu," waziri akasema, "sisi hatuna mabavu. Ghuba ni yenu, na mtu asiwatishe." Shemeji akamkonyeza Mama Itifaki aliyesimama ukutani.

Mlango ukafunguka, ukajifunga. Zulia likabonyea hatua kwa hatua mpaka dirishani. Pale nyayo zikasimama; kiti hakikuwepo. Halafu nyayo zikageuka, zikaja mpaka kwa waziri.

Kiti cha waziri kikalia kwa uzito. Waziri akainuka taratibu, akatulia juu kidogo ya pale alipokuwa, miguu ikining'inia. Alikuwa amepakatwa. Mbele yake chai ikaanza kupungua.

"Kama nilivyokuwa nasema," akaendelea kwa sauti ileile, "ghuba ni yenu. Ndiyo maana tutaisimamia sisi, kwa niaba yenu."

Mkuu wa wageni akatazama zile nyayo kwenye zulia, akaomba kalamu.

Wakapanga mstari wa picha, waziri akabaki alipo. "Mheshimiwa, shusha miguu kidogo," mpiga picha akasema.

"Haifiki."

Basi akapigwa hivyohivyo.

Kwenye korido shemeji alikuwa anahangaika na kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Sasa nikamwambie nini mdogo wako?"

Mama Itifaki akamfungua kifungo, akamfunga upya, kama anavyowafanyia mabalozi.

"Mwambie asipake rangi."

Waziri ndiye aliyetoka mwisho, anajinyoosha kiuno. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mama, kile kiti kirudishe tu," akasema. "Mapaja yake magumu."

Wiki iliyofuata wakaja wageni wa nchi nyingine, nao wana kisiwa. Mama Itifaki akaweka kiti dirishani, akamimina chai, akatia sukari nyingi, akakoroga. Alipoinua kijiko, kikombe kilikuwa kimeshafika nusu.