Somo wa Rukaya

Kunde za mstari ule zilikuwa zimekauka mno. Ukizigusa kwa pupa zinapasuka na mbegu zinaruka. Ndiyo maana Chausiku alimwambia binti yake achume taratibu. Lakini Rukaya hakuwa na moyo wa kunde. Kila hatua mbili anainua kichwa, anatazama upande wa shule.

"Mama, leo Jumatano."

"Siku naijua."

Chausiku alimaliza darasa la saba hapohapo kijijini Misima, na kusoma anajua. Barua ya shule aliisoma mara tatu: Jumatano, wasichana wa darasa la sita watapewa somo la mahusiano na afya ya uzazi, mzazi atie sahihi. Watapewa somo? Rukaya somo wake yupo. Tangu mtoto ana siku saba, shangazi yake Tatu wa Makuyuni alishasema huyu wangu, akivunja ungo niiteni, mimi ndiye nitakayemfunga kitambaa cha kwanza na kumwambia ya kuambiwa. Mama mzazi hasemi. Chausiku mwenyewe, siku yake ilipofika, mama yake alimpa mgongo mpaka somo akaja. Leo shule inagawa masomo kama daftari? Tena wampe mwalimu Hilaria, kaja mwaka jana tu, hata kuzaa hajazaa. Sahihi hakutia. Akamchukua mtoto, wakaenda shamba.

"Unaye somo wako Makuyuni," alisema. "Wa pili wa nini?"

Rukaya alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka kunde zikamponyoka. "Mama jamani. Somo si mtu. Ni somo, kama Hisabati. Mwalimu anaandika ubaoni."

Chausiku aliona haya, akaona hasira, halafu hakujua anaona nini. Kama Hisabati? Mambo yale yanaandikwa kwa chaki? Na kipindi kikiisha, anayafuta nani?

Alipogeuka tena, kicheko kilikuwa kimekatika. Rukaya kasimama, miguu kaibana, anatazama sketi yake. Akasema amejikata na bua, ila kidonda hakioni. Na tumbo linamuuma toka asubuhi. Alidhani ni kiporo cha makande.

Chausiku akasogea pembeni, akampigia wifi yake. Tatu alipiga vigelegele kwenye simu, kisha sauti ikawa ya kuagiza: asimwambie kitu, asimfunge kitu, amweke ndani tu. Yeye ana palizi, basi la kuja Handeni atapanda Ijumaa.

Ijumaa. Na leo Jumatano, jua halijafika hata utosini.

Akarudi. Mtoto alikuwa amechuchumaa, anajifuta kwa majani ya mkunde.

"Nimeumia wapi, mama?"

Maneno Chausiku alikuwa nayo, yote, tangu zamani. Yalikuwa hapa kooni. Ila aliona kama ni vyombo vya mtu alivyowekeshwa, hana ruhusa ya kuvigusa.

"Subiri shangazi yako aje."

"Lini?"

Upande wa shule kengele ililia, ile ringi ya gari inayogongwa kwa nondo, kipindi kinaanza au kinaisha, Chausiku hakujua. Rukaya naye aliisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Mama," akasema polepole, "wenzangu leo wanaambiwa nini?"

Chausiku alifungua fundo la kanga aliyojifunga juu ya gauni. Kunde za asubuhi nzima zikamwagika mchangani, wala hakuziinamia. Akang'ata ukingo wa kanga, akaichana kufika katikati, na hapo mkono ukasita. Rukaya, asiyejua kuwa kitambaa kile kina mwenyewe, akasimama na kuinua mikono yake juu, kama alivyokuwa akifanya zamani akivishwa nguo, akangoja.