Bangi Iliyookoka

Fundo alikuwa mtu pekee mtaani aliyepata riziki kwa kutembea kinyumenyume. Asubuhi alifunga nyuzi kwenye gurudumu mwanzoni mwa ujia wa nyuma ya nyumba, akarudi nyuma polepole huku akizisokota, mpaka mgongo wake ugonge ukuta wa choo cha jirani. Hapo kamba imepatikana. Watani walisema ndiyo maana haoni maendeleo, ameyapa mgongo. Yeye aliendelea kusokota. Kwa maneno alikuwa bahili kuliko mwenye duka, na jina la Fundo lilitokana na hilo zaidi ya kamba.

Tabu yake ilikuwa nyuzi. Madukani kamba za plastiki zilijaa tele, zinang'aa kama meno ya bandia, lakini wajenzi waliopandisha ndoo za zege ghorofani walijua zinavyoyeyuka kwenye roda, lile gurudumu la kupandishia mzigo. Walitaka kamba ya Fundo, na Fundo alitaka nyuzi za ule mmea ulio ndugu wa damu wa bangi: sura ile ile, majani yale yale, ila hauleweshi. Ukiuvuta gunia zima utaambulia kikohozi. Ubua wake hutoa kamba na nguo, mbegu zake mafuta, na makapi yakichanganywa na chokaa unapata ukuta. Mtaani waliuita bangi iliyookoka. Sheria, kwa hekima zake, iliruhusu kununua nyuzi hizo kutoka ng'ambo kwa bei ya kuvunja kiuno, lakini ukiupanda mwenyewe wewe ni mhalifu.

Baadaye serikali ikalegeza, kama mtu anayefungua mlango huku mnyororo wa ndani bado umefungwa. Kibali kilipatikana, ila mkaguzi lazima apime maua kabla ya mavuno. Kilevi kikizidi chembe iliyowekwa, mmea unahesabiwa bangi, shamba linachukuliwa, na mwenye shamba ndiye mwenye kesi. Fundo hakuwa na shamba. Mama mkwe wake alikuwa nalo.

Alipoombwa, yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema alingoja siku nyingi mkwe wake amletee jambo la maana, kumbe anataka kumfanya muuza bangi uzeeni. Kisha kicheko kikamkauka.

"Baba, shamba hili ndilo pekee alilonibakishia marehemu. Nikikupa, litarudi?"

"Litarudi, mama."

"Basi chukua. Wakinifunga, utakuwa unaniletea uji wewe mwenyewe, usimtume mwanangu."

Mmea ukaota kama uliokuwa na haraka zake, ukampita Fundo kimo, ukawa ukuta wa kijani. Maua yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka mkaguzi alipofika na pikipiki yake, suruali imejaa tope, mkononi mkasi na mifuko ya karatasi. Alieleza kwamba akishachukua sampuli, mavuno hayangoji. Kila kitu kikatwe mara moja. Fundo akavunja ubua mmoja, akatega sikio. Kwa wasokota kamba, ubua uliokomaa hulia ukivunjwa, mlio mkavu, na ganda likabanduka lenyewe. Ubua mchanga hujikunja kimya. Baba yake alimfundisha hivyo, na aliwahi kumcharaza kwa kukata mapema. Huu ulijikunja kimya.

"Bado," Fundo akasema.

"Fundi, maua yakizidi kusimama, kilevi kinapanda. Hata mbegu iwe nzuri namna gani."

Fundo akamwona kama mtu anayetaka kumaliza kazi arudi kwake kabla ya mvua. Akamwambia kwamba kamba ya ubua mchanga haipandishi mzigo juu ya vichwa vya watu, na kwamba amwachie kazi yake. Mkaguzi alikuwa na mashamba mengine ya kuzungukia. Akainua mabega, akafunga begi. Mama mkwe alipoona pikipiki ikitokomea akauliza mbona mgeni ameondoka mikono mitupu, na Fundo akamwambia mambo ni shwari, nyuzi zinanenepa tu.

Siku ubua ulipolia, Fundo aliimba, na mkewe akamshika paji la uso akidhani ana homa. Mkaguzi akaitwa, akakata ncha za maua, akaenda zake. Fundo alikuwa bado anatafuta vibarua wa kukata, majibu yakaletwa na gari la polisi.

Kilevi kilikuwa kimevuka mstari. Kidogo tu; mkaguzi, aliyeshuka wa mwisho, alikiri huku akitazama viatu vyake kwamba hata panya asingelewa. Lakini sheria ni kama mimba, haina kidogo.

Fundo akamkabili mkubwa wao. "Mimi ndiye niliyechelewesha. Mama hajui lolote."

"Shamba la nani?"

Fundo akasogea mbele ya mama mkwe wake.

"Langu," mama mkwe akajibu. Alikuwa ameshafunga mlango wake na kuvaa viatu.

"Mama, ngoja niseme."

"Ulishasema, baba. Ulisema litarudi."

Hakuyasema kwa hasira, na afadhali angeyasema kwa hasira. Akamwomba askari kijana amsaidie kupanda, maana ngazi ya gari ilikuwa juu, akamtania kwamba serikali haijawahi kumpa lifti tangu azaliwe. Askari akacheka, kisha akajikumbuka. Mke wa Fundo akapanda nyuma ya mama yake bila kuambiwa, akaketi akiwa amempa mumewe mgongo.

Gari likaondoka, likaacha askari wa kuteketeza shamba. Hawakujua kung'oa, mabua yaliwachana viganja, wakaishia kutukana. Wakamwamuru Fundo ang'oe yeye. Akang'oa. Zilikuwa nyuzi nzuri kuliko zote alizowahi kushika. Alikung'uta udongo mizizini, akalaza mabua chini, mizizi upande mmoja na vichwa upande mwingine, kama yanavyolazwa kabla ya kulowekwa majini.

Askari mwenye dumu la petroli akamsogelea.

"Fundi, acha kupanga. Tunachoma."

"Ndiyo, afande."

Akang'oa mwingine, akaulaza, akausogeza kidogo ulingane na wenzake.