Mkwe Ndani ya Buti

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kununua pamba, magari ya mtumba yalijaa Bariadi, na Ngeleja naye hakutaka kupitwa. Aliuza karibu zizi zima akaleta Corolla nyeupe, aifanye teksi. Ndugu zake wakamcheka wee, eti kabadilisha ng'ombe kwa bati. Ndiyo maana mkewe, Felisita, alipomwambia buti linavuja, Ngeleja alikuja juu. Gari la Mjapani livuje?

Felisita alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za kwaya, zikalala kwenye buti Jumamosi moja ya mvua, na Jumapili zilipotolewa zilikuwa chapachapa, rangi nyekundu imechujia kwenye nyeupe. Mbele ya wanakwaya wote Ngeleja akasema mkewe ndiye aliyepakia nguo mbichi. Jamani, mtu aliyekesha na cherehani!  Felisita alifungasha vyake akarudi Ngulyati kwa mama yake.

Ngeleja alijikaza, akashindwa. Nyumba bila Felisita ilikuwa haikaliki. Akawasha gari kumfuata, na pale nyumbani akamkuta mama mkwe peke yake, bibi Nyamizi. Hapo sasa pana kazi, maana kwa Wasukuma wa rika la Nyamizi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, na heshima hiyo haina mchezo. Ngeleja akasimama nyuma ya kona ya nyumba.

"Mwadila, mayu," akausalimia ukuta, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Wewe kuku," Nyamizi akamwambia kuku aliyekuwa akichakura mlangoni, "mwambie mgeni, Felisita yuko mashineni, anasaga. Na mwambie harudi kwake mpaka hilo buti likauke."

 Kutafuta mahali panapovuja ni kazi ya watu wawili: mmoja ndani na tochi, buti limefungwa, mwingine nje anamwaga maji. Ngeleja akaueleza ukuta hivyo, na Nyamizi akamjulisha kuku kwamba amekubali. Basi Ngeleja akatoa zulia na tairi la akiba, akafuta kote kwa tambara, akaacha ufunguo kwenye kitasa cha buti, akajikunja ndani na kulivuta buti mpaka likajifunga. Ndipo Nyamizi akasogea na ndoo.

Maji yakaanza kulia juu ya bati.

"Ngeleja."

Akashtuka. Tangu aoe, mama huyu hajawahi kumwita moja kwa moja. Kumbe kwa kuwa bati liko katikati na macho hayaonani, inawezekana.

"Naam, mayu."

"Binti yangu ni mwongo?"

Wakati huohuo Ngeleja akaona maji yakichungulia nyuma ya taa ya kushoto, kisha yakateremka taratibu mpaka kwenye shimo la tairi. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Linavuja, mayu. Mpira wa taa umekufa."

"Sikukuuliza habari za gari."

Ndani ya buti hakuna pa kugeuzia uso. Ngeleja akazima tochi.

"Si mwongo," alisema. "Niliogopa kuchekwa tena. Nikaona heri achekwe yeye."

Ilimuuma kujisikia akisema hivyo, kwani alikuwa hajalisema hilo hata moyoni mwake. Nje ndoo ikawekwa chini.

"Haya. Nimesikia."

"Nifungulie basi, mayu."

Nyamizi akaushika ufunguo, kisha akauachia. Buti lile lilifunguliwa kwa ufunguo, halafu lazima mtu aliinue na kulishikilia, maana springi zake zilikuwa zimechoka. Atakayefungua atatazamana naye ana kwa ana, kajikunja kama mtoto mchanga. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, si mkwe wala mama mkwe.

"Kuku," Nyamizi akasema, huku akirudi mlangoni, "mwambie mgeni amsubiri mkewe."

Akasubiri. Goti likafa ganzi, jasho likamtiririka. Na kama Felisita akija, akaambiwa, kisha akapita zake ndani? Ngeleja alijipima, akaona hana haki ya kulalamika.

Mwishowe akasikia gunia la unga likitua, kisha mama na binti wakinong'ona Kisukuma. Mtu akagonga bati.

"Ulisema gari la Mjapani halivuji."

"Linavuja, Felisita. Na wewe hukupakia nguo mbichi. Jumapili nitawaambia wanakwaya."

"Utawaambia umesimama wapi?"

"Mbele. Palepale niliposimama kukusema."

Ufunguo ukazunguka. Felisita alilishikilia buti mpaka mumewe akatoka. Hakucheka, wala hakumpa mkono.

Ngeleja akaing'oa taa ya kushoto, akabandua mpira uliooza, akakata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, akakibandika kwa gundi ya pancha na kukaza skrubu. Gundi iliposhika, Felisita alikuwa ameshajaza ndoo.

"Likiwa kavu, napakia vitu vyangu," alisema. "Ingia tena."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Felisita. Ngeleja akaingia, akajikunja, akalifunga buti mwenyewe.