Mwalimu wa Tiya Alikuwa na Pembe

Siku Kabale alipoambiwa kwamba mtoto wake hawezi kuingia nasari mpaka ajue kwenda choo, aliuliza swali moja tu.

"Choo gani, mwalimu?"

Mwalimu Akuam akageuka kutazama nyuma ya darasa. Pale palichimbwa shimo la choo zamani za kampeni, likajaa maji ya mvua, likajaa mchanga, na sasa lilikuwa limeota mti wa miiba uliokwisha kumpita mtu kimo. Mwalimu akacheka bila kutaka.

"Mama Tiya, usinitafutie maneno. Hawa wengine wanaenda kwa kichaka, lakini wanajua kwenda. Anasema, anavua, anachuchumaa, anarudi. Mimi niko peke yangu na watoto wa kujaza lori. Sasa nifundishe ama nifue?"

"Na akijua?"

"Akijua, mlete shule ikifunguliwa Januari. Mimi mwenyewe nitamshika mkono."

Huo ulikuwa mwisho wa mwaka wa themanini na sita, Isiolo, mtaa wa Bula Pesa. Tiya alikuwa na miaka sita. Alitembea akiwa na minne, na maneno yake yote ungeyaweka kwenye kiganja yasimwagike. Daktari alimpima akasema, "Atafika, lakini polepole." Kabale akalichukua lile "atafika" akaenda nalo nyumbani, lile "polepole" akamwachia daktari mwenyewe. Majirani nao walikuwa na elimu yao. Huyu akasema ni laana, yule akasema ni maziwa ya ngamia aliyetishwa na fisi. Hakuna aliyesema kitu ambacho kingemsaidia mtu kufua.

Ila Tiya alikuwa na jambo lake moja. Watoto wa nasari walipoanza kuimba asubuhi, alikimbia mpaka kwenye ua wa shule, akashika fito kwa mikono miwili, akayumba kushoto na kulia, mdomo wazi, macho yanang'aa kama mtu aliyeona mvua. Wimbo ukiisha aliketi chini akalia. Alilia kila siku, na kila siku alirudi. Kwa hiyo Kabale hakuwa anatafuta choo. Alikuwa anatafuta njia ya kumvusha mtoto ule ua.

Alianza na poti. Jirani yake Bisharo, muuza chai, alimletea poti ya bati ya rangi ya bluu, kuukuu lakini nzima. Tiya akaizunguka, akainusa, akaivaa kichwani. Kisha akaokota kijiti, akakibana kwapani, akapiga hatua kuuzunguka ua akiinua kidevu.

"Wallahi huyu ni chifu!" Bisharo akaanguka juu ya gunia la makaa. "Mama Tiya, tazama! Hata tumbo amelitoa!"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika motoni. Tiya alipoona amependeza, akasimama wima mbele yao, kofia kichwani, akajikojolea.

"Hapo sasa," akasema Bisharo akijifuta machozi, "amezidi kufanana."

Wakajaribu mluzi, kwa kuwa Bisharo alisema kwao mtoto hupigiwa mluzi mpaka maji yatoke. Kabale akapiga mluzi. Tiya akampigia mluzi. Wakapigiana mluzi mpaka adhuhuri kama ndege wawili, na aliyekimbilia kichakani mwishowe ni Kabale.

Kilichomfungua macho hakikutoka dukani wala kwa jirani. Kabale alizaliwa mbugani, upande wa Gotu, binti wa wafugaji, na kila mtoto wa mfugaji anajua hili: mbuzi akilala, usimwinue ukiwa umekaa nyuma yake. Akisimama tu hunyoosha mgongo, huchutama na kukojoa. Na mmoja akianza, zizi zima hufuata. Njaa ya themanini na nne ilikuwa imemwachia Kabale mbuzi mmoja, jike la rangi ya majivu aitwaye Dalacha. Alfajiri moja akatoka nje kumwamsha ili amkame, Tiya nyuma yake akisugua macho. Dalacha akasimama. Akanyoosha mgongo. Akachutama.

Tiya akamtazama. Akainama akatazama vizuri kule chini maji yanakotoka. Kisha akainua gauni, akachuchumaa kando ya mbuzi, uso umekaza kama hakimu, na mara ardhi ya Bula Pesa ikapata mito miwili.

"Maa!" Tiya akasema. Hilo lilikuwa jina lake la mbuzi.

Kabale hakukama maziwa siku hiyo. Alimbeba mtoto akamzungusha, akambusu mbuzi kwenye pua, akagonga mlango wa Bisharo kana kwamba mji unaungua. Toka siku hiyo ikawa ndiyo shule. Dalacha akiamshwa, Tiya anaamshwa. Dalacha akipumzika kivulini mchana, anainuliwa, na Tiya yuko pale pale, gauni mkononi. Wiki zikapita nguo zikiwa kavu. Mtoto akaanza kumtangulia mwalimu wake. Anachuchumaa kwanza, kisha anamgeukia mbuzi na kumkunjia uso: wewe je, unangoja nini?

Basi pale mambo yanaponyooka, ndipo serikali inapokumbuka kwamba una mlango.

Chifu wa mtaa alikuwa ametangaza harambee ya kujenga choo cha nasari. Ilikuwa ya tatu. Watu husahau, na wakubwa hula kwenye sahani ya usahaulifu wetu, kwa hiyo tukumbushane. Harambee ya kwanza ilizaa lile shimo. Ya pili ilizaa mabati, tena mabati mazuri, yanaonekana mpaka barabarani jua likipiga; tatizo ni kwamba yako juu ya nyumba ya chifu. Sasa ya tatu ilitaka kila nyumba itoe kinachopumua, kikanadiwe mbele ya mgeni wa heshima Jumamosi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Ijumaa, askari wa chifu aitwaye Kaburu akafika kwa Kabale na kamba.

"Mama, leta hiyo mbuzi."

"Huyu si mbuzi, ni mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa choo."

"Basi ni sawa kabisa," Kaburu akasema akifunga kamba. "Anaenda kujenga choo."

Kabale akashika kamba upande wa pili. Wakavutana, Dalacha katikati akilia, Tiya akilia zaidi. Lakini Kaburu alikuwa na bunduki begani, na Kabale alijua bunduki tangu utoto. Miaka ya vita vya shifta alikulia nyuma ya waya, kambini ambako serikali iliwafungia wafugaji. Jua likitua lango linafungwa, na mtu akibanwa usiku alimwomba ruhusa mwenye bunduki. Yeye akiwa na raha, anakuruhusu, akiwa hana, unajua mwenyewe. Nyanyake hakuomba hata siku moja. Alisema mwenye kukupangia saa ya kwenda haja hakuna tena kitu asichokupangia. Kabale akaachia kamba, lakini hasira ile ile ya nyanyake hakuiachia.

Usiku ule Tiya alilowesha. Asubuhi akalowesha tena, akasimama mahali pa Dalacha akiita, "Maa? Maa?" Kabale akambadilisha nguo, akajifunga leso kiunoni barabara, akamshika mkono. Bisharo akamwona anapita.

"Unaenda wapi na uso huo?"

"Kumfuata mwalimu."

"Ngoja nizime jiko. Hiyo siwezi kukosa."

Uwanjani palikuwa na jukwaa, viti vyenye vitambaa, na kitambaa kirefu kilichoandikwa HARAMBEE YA CHOO. Mbele ya jukwaa walipangwa watoto wa nasari na sweta zao za kijani katika jua la Isiolo lile la kukaanga yai. Walisimama tangu asubuhi wamwimbie mgeni wa heshima, naye alikuwa njiani. Mgeni wa heshima huwa njiani. Watoto walikuwa wamebana magoti, wengine wamekunja miguu kama kamba, mmoja anaruka papo hapo.

Mwalimu Akuam alikuwa akimsihi chifu. "Mzee, wacha waende kidogo tu pale nyuma ya ukuta."

"Mgeni akute mstari umevunjika? Wabane!"

"Ni watoto, mzee."

"Hata mimi nimebana!" chifu akafoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema ukweli hadharani.

Mbuzi wa mnada walikuwa wamelala kando ya jukwaa, wamefungwa kwenye nguzo, Dalacha kati yao. Kabale alikuwa bado anasukumana na watu ili apite, pale vumbi lilipotimka barabarani. "Mgeni! Mgeni!" Chifu akavaa kofia. Kaburu, ili mali ionekane, akawapiga mbuzi kwa kijiti: "Simama! Simama wote!"

Mbuzi wakasimama. Dalacha akanyoosha mgongo.

"Maa!"

Tiya alichomoka mkononi mwa mamake kama samaki. Akapita kati ya miguu ya wazee, akafika mbele ya jukwaa, akainua gauni, akateremsha chupi mwenyewe, tena mpaka chini kabisa, akachuchumaa mbele ya mtaa mzima. Utulivu wake ulikuwa wa mtu aliye kwake.

Mtoto wa mwisho kwenye mstari akamtazama. Akamtazama mwalimu. Akachuchumaa. Wa pili yake akafuata, na wa tatu, na mstari wote ukateremka kama mtama uliopigwa na upepo, sweta za kijani zikashuka zote, na ukasikika mguno mmoja mrefu wa raha. Vijito vikakutana, vikashauriana, vikashika njia ya jukwaa mpaka chini ya viatu vya chifu vilivyong'arishwa.

Na gari likasimama. Mlango ukafunguliwa.

"Imbeni!" chifu akapiga kelele, kwa kuwa hakuwa na amri nyingine kichwani. "Imbeni, nasema!"

Watoto walikuwa wamefundishwa utii. Wakaimba, wote, wakiwa wamechuchumaa vile vile, wimbo wa kumkaribisha mgeni, kwa sauti tamu ambayo hawajawahi kuitoa, maana hakuna tena kilichokuwa kimewabana.

Mgeni wa heshima akasoma kitambaa. Akatazama watoto. Akasoma kitambaa tena. Elmi, muuza nyama, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Mheshimiwa, umejionea! Shida yenyewe ni ya haraka!"

Uwanja ukapasuka. Wazee wakaketi chini na suti zao. Bisharo akamng'ang'ania mwanamke asiyemjua. Mtu akauliza kwa sauti kubwa mabati ya harambee ya pili yako wapi, na vidole kama mia vikamwonyesha chifu. Kabale alifika kwenye nguzo akaifungua kamba ya Dalacha, na Kaburu, aliyepaswa kumzuia, alikuwa ameikumbatia nguzo ile ile, hana pumzi, anapunga tu mkono: nenda, mama, nenda.

Chifu peke yake hakucheka. Akanyoosha kifimbo chake cha uchifu kumwelekezea Tiya.

"Nani ameanza hii? Mtoto wa nani huyu?"

Kicheko kikakatika. Kabale akafungua mdomo aseme "wangu," liwe liwalo. Mwalimu Akuam akamtangulia. Alipiga hatua mbele, viatu vyake vikikanyaga majimaji, akasimama kati ya kifimbo na mtoto.

"Wangu, mzee."

"Wako vipi?"

"Wa nasari yangu."

"Mbona hana sweta?"

"Atapata Jumatatu."

Kabale hakujua kwamba ana pumzi nyingi kiasi kile. Kigelegele kilimtoka kikapanda, Bisharo akakidaka kabla hakijashuka, na wanawake wa uwanja mzima wakakipokea, hata wale waliosema laana, mpaka mgeni wa heshima akaanza kupunga mkono akidhani ni chake.

Tiya alikuwa amemaliza. Akasimama, akavuta chupi juu mwenyewe, miguu yote miwili ikaingia tundu moja, akaenda kwenye mstari kwa kurukaruka, akajipenyeza katikati ya sweta za kijani. Akashika mkono wa huyu na mkono wa yule. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akafungua mdomo. Wimbo ulikuwa umekwisha zamani na wenzake walikuwa wanapangusa miguu. Yeye ndiyo kwanza anaanza.