Jeneza kwa Gauni

Kiwanda kilipofungwa na hela zikaadimika mtaani, mafundi walikubaliana kulipana kazi kwa kazi. Kinyozi alimnyoa mshona viatu, mshona viatu akamtilia soli mchomelea vyuma, mchomelea vyuma akamtengenezea kinyozi nondo za dirisha. Mambo yakanyooka. Kinyozi ndiye aliyevimba kichwa zaidi. Kila aliyekaa kitini pake alihubiriwa, wembe ukiwa shingoni, kwamba pesa ni makaratasi tu.

Aliyeumia ni mmoja, fundi wa majeneza, ambaye mtaa mzima ulimwita Kwaheri. Enzi za pesa hakuna aliyemsumbua. Noti zake zilitoka kwa wafiwa, lakini wenye maduka walizipokea kwa mikono miwili wala hawakuzinusa. Sasa alibaki na kazi yake tu, na kazi yenyewe kila mtu aliikimbia. Akajaribu kutengeneza kitanda. Aliyekichukua alikirudisha kesho yake, akiapa kwamba akilala chali mikono inajikunja kifuani yenyewe.

Na binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, hana gauni. Kwaheri akajikaza, akaenda kwa fundi cherehani.

"Dada, nishonee gauni la mwanangu. Nami nitakutengenezea kitu kizuri. Mbao ya mkangazi mtupu."

"Kitu gani?"

"Si unajua kazi yangu."

Fundi akasimamisha cherehani. "Unamtakia nani, wewe? Mume wangu mzima, wanangu wazima!" Halafu, bila kukusudia, macho yake yakateleza hadi kwenye kochi, alikokaa mama mkwe wake akichambua mchele.

"Nimekuona," bibi akasema.

"Mama, mimi sijasema kitu!"

"Ndiyo maana nikasema nimekuona." Bibi akaweka sinia chini, akamgeukia Kwaheri. "Huo mkangazi una mafundo?"

"Hauna, mama."

"Basi nipime. Mume wa huyu namjua, nilimzaa mwenyewe. Nikimwachia kazi hiyo atanizika kwenye mbao za makreti. Na mabegani uniachie nafasi, sipendi kubanwa."

Kwaheri akatoa futi kamba. Watu aliozoea kuwapima hawakuwa na la kusema. Huyu alikuwa na mengi: vishikio viwe vya shaba, mto usijazwe vumbi la mbao, linamwasha. Fundi cherehani alikuwa amejiziba uso kwa kitambaa cheupe, haijulikani analia au anacheka.

Ijumaa jeneza likafika na gauni likawa tayari. Bibi alilizunguka jeneza polepole, akavua ndala, akajilaza humo na kufumba macho. Alipokawia kuyafumbua, mkwe akaanza kumtazama Kwaheri kwa jicho baya, na Kwaheri naye akaanza kuutazama mlango.

"Limenienea," bibi akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Ahsante sana, baba. Kazi nzuri."

Kwaheri alijikuta anasema karibu tena, mama. Kisha akatoka uani, gauni la binti yake mikononi, akalia kama mtoto. Miaka yote hiyo alilipwa, tena vizuri, lakini waliolipa walikuwa wengine. Wateja wenyewe, hata mmoja hakuwahi kumshukuru.