Kingo za Kaseti ya Baba Taegyu

Tegua kitendawili hiki: alihudhuria kila sherehe ya nyumba ile, akapiga magoti, akapanda viti, akawaambia watu wasogee, na hayumo katika picha hata moja. Ndiye marehemu Baba Taegyu na kamera yake. Mjane wake, Mama Taegyu, alibakiwa na kaseti moja tu ya video iliyosalimika na ukungu, ya siku mtoto wao alipotimiza mwaka. Hakutaka makubwa. Alitaka kumsikia mumewe akikohoa nyuma ya kamera kabla kaseti haijaoza.

Bahati iliyoje, mwanawe Taegyu alikuwa mtaalamu. Alikuwa mtaalamu tangu Jumanne, aliponunua deki kuukuu na kuisomea mtandaoni. Akaja nayo kwa mama yake mjini Daegu, akaiunga na kompyuta, akakunja mikono ya shati kama mpasuaji.

"Mama, ukanda huu umechoka. Utapita mara moja tu, kwa hiyo tuchague vizuri kabla ya kunakili."

Akachagua. Picha akaitanua ijaze kioo kipana, na pale mwanzoni alipojaribisha, shangazi Malsun akatokea mnene kama mtungi wa kuchachushia kabichi ya kimchi.

"Huyo Malsun kala nini?"

"Ndiyo umbo la kisasa, Mama."

"Mrudishie mwili wake."

Akaurudisha, kwa huzuni ya msanii asiyeeleweka. Kisha akataka kukata kingo. Televisheni za zamani, alieleza polepole kama anayezungumza na kabati, zilikuwa zinameza kingo za picha. Hakuna aliyewahi kuziona, na zina uchafu mtupu. Tena zinakula nafasi. Kompyuta yake ilibeba michezo ya vita isiyo na idadi bila kulalamika, lakini kingo za baba yake, jamani, zingeijaza pomoni.

"Nikikata msokoto wa wali wa kimbap, baba yako alikuwa anakula nini?" mama akauliza.

"Ncha."

"Zile zenye mboga zilizochomoza, zisizofaa kwa wageni. Nilizitupa?"

"Mama, hii ni video, si wali."

"Ziache."

Akaziacha. Deki ilikuwa yake, lakini chakula cha mchana kilikuwa cha mama.

Taegyu alikuwa na haraka, maana Jumamosi binti yake naye alikuwa anatimiza mwaka, na alitaka wageni waone kwa macho yao jinsi yeye, akiwa mtoto wa mwaka mmoja, alivyozidharau pesa mezani akashika kalamu. Kwa desturi yao, kitu anachoshika mtoto mezani siku hiyo hutabiri maisha yake. Kalamu ile aliitaja kwenye mahojiano ya kazi. Aliitaja hata alipokwenda kuposa.

Ukanda ukaanza kupita. Nyuma ya kamera mtu akakohoa. Mama Taegyu akajifanya anafuta meza, meza iliyokuwa safi.

Kwenye kioo, mtoto aliwekewa uzi wa maisha marefu, noti za utajiri na kalamu ya elimu. Msomi akaziendea noti mbio, mate yakimtoka. Ndipo chini kabisa, ukingoni, ukaingia mkono wenye saa ya mkanda wa ngozi. Ukazivuta noti kando, ukasukuma kalamu hadi chini ya kiganja cha mtoto. Mtoto akaikamata kwa hasira. Watu wakashangilia.

Deki nayo ikashikwa na njaa, ikautafuna ukanda; ikabaki nakala ya kwenye kompyuta.

"Ulijua?" Taegyu akauliza.

"Nilikuwa jikoni napakua supu ya mwani. Waliokuwepo walinyamaza, kwa heshima ya supu."

"Mama, hapo chini tungekata kidogo tu."

"Kata. Na Jumamosi ujipikie." Akavuta kiti karibu. "Sasa nirudishie ule mkono, bwana msomi."

Akaurudisha. Kidole gumba kilikuwa na plasta. Asubuhi ile marehemu alijikata akimenya peasi, akashikilia kwamba hakiumi. Mama Taegyu alikuwa ameisahau plasta ile. Akaomba aone tena, na tena, na mwanawe hakutaja utaalamu wowote.

Jumamosi video ikaonyeshwa na kingo zake. Shangazi Malsun alicheka mpaka akaletewa maji. Kisha mjukuu akawekwa mezani, akaukazia macho mpira. Taegyu alikuwa amepiga magoti, simu mkono mmoja, anarekodi. Mama yake akauona mkono wa pili ukitambaa juu ya kitambaa cha meza, taratibu, kuifuata kalamu.

Akamwinamia sikioni.

"Ingiza na kiwiko pichani," alisema. "Akikua atataka kukuona."